Uji wa Bwana Kwa Nini

Mtani wangu Kondo,

Bi Tatu muuza nazi alifika hapa Mtoni Alhamisi na kapu la makopa uliloniletea, pamoja na salamu zako. Makopa nimeyapokea. Salamu zimenitia homa. Nilimwambia azirudie, akazirudia neno kwa neno: "Kondo anamsalimu ndugu yake Maganga kwa heshima, anamtakia afya njema yeye na watu wake wote wa Tabora."

Nikamuuliza, "Basi? Hakuongeza neno?"

"Hakuongeza."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Mgonjwa gani! Alikuwa juu ya mnazi anaangua."

Ndugu yake! Kwa heshima! Miaka sita tumebeba magunia ya mbata katika ghala moja, na hujapata hata siku moja kuniita ndugu. Umeniita mpagazi, umeniita punda wa Tabora. Ulisema babu yangu alitembea miezi mitatu na pembe ya ndovu begani, akafika pwani, akaitua, akauliza kama kuna mzigo wa kurudi nao. Nami nikakujibu kwamba babu yako Mzaramo alikuwa amelala kivulini akiingoja pembe hiyo, akaamshwa, akaitazama, akalala tena. Hizo ndizo zilikuwa shikamoo na marahaba zetu kila asubuhi, na mnyapara Athumani akizisikia alijua kazi imeanza.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu kwa wazee wetu, na mtani hakasiriki. Hata nikilala mbele ya jeneza la mjomba wako na kukataa kuwapisha, kama nilivyofanya, unatakiwa ucheke, kama ulivyocheka. Ndiyo maana nina hofu. Mtu mwingine akinikasirikia atanitukana, nami nitajua. Wewe ukinikasirikia, njia pekee uliyoachiwa ni kuacha kunitukana.

Kwa hiyo nimeamua kukuandikia habari ya uji tangu mwanzo wake. Wewe uliondoka haijaisha, na ipo sehemu yake ambayo hukuisikia.

Unaikumbuka siku alipofika yule kijana wa Kizungu, mrefu, shingo nyekundu kama jogoo, daftari kwapani. Meneja alitukusanya mbele ya ghala akasema huyu bwana ametoka chuo kikubwa Ulaya, na kazi yake ni kutazama vichwa vya watu wanaofanya kazi. Papo hapo wenzetu wawili walichukua vipande vyao vya kazi wakaenda zao na hawakurudi. Habari za mumiani zilikuwa zimejaa Temeke nzima siku zile, na mtu anayetangaza mchana kweupe kwamba ametumwa kutazama vichwa, hao wawili hawakuona haja ya kumsubiri aeleze zaidi. Wewe uliniegemea ukanong'ona, "Mie sina wasiwasi. Ataanza na cha Mnyamwezi, atakuta hamna kitu, atakata tamaa, atapanda meli arudi kwao."

Kwa kuwa mimi nilifika darasa la nne misheni, nilipewa kazi ya kufafanua Kiswahili chake, ambacho alijifunza kitabuni akiwa melini. Elimu yake ina jina refu, saikolojia, na nilihitaji wiki nzima kulitamka bila kurusha mate. Lakini maana yake aliieleza vizuri, na ninayakumbuka maneno yake. "Akili haionekani, Maganga. Kinachoonekana ni mtu anachofanya na anachosema. Tunakitazama hicho, tunaandika, halafu tunakisia kilichomo ndani. Lakini kukisia si kujua. Kila nikikisia, lazima nitafute njia ya kuonyesha kwamba nimekosea."

Nilipokutafsiria ulicheka. "Moyo wa mtu msitu. Huyu kaja kuhesabu miti naye kasimama barabarani!" Nikamrudishia maneno yako, akafurahi mno, akayaandika. Kesho yake alikutafuta akuulize barabara ni nini, na miti ni nini, na kwa nini msitu, na kwa nini usiwe mto. Ukajibu mpaka ukachoka, ukatoka hapo ukitangaza jina lake kwa sauti: Bwana Kwa Nini. Mpaka Meneja alikuja kulitumia.

Wiki ile ya kwanza alisimama mlangoni na daftari, na sisi wote tukakimbia na magunia. Hata mnyapara Athumani, ambaye hakugusa gunia tangu vita vya Hitla, alibeba moja mbele ya mgeni, akakandwa mgongo siku tatu. Bwana Kwa Nini akaandika kwamba watu hawa wana nguvu za ajabu. Wiki ya pili alijificha kwenye dari akatuchungulia kupitia tundu, akatuona tumelala juu ya mbata kama samaki waliovuliwa. Akaandika kwamba watu hawa hawana nguvu kabisa. Nikamuuliza ukweli ni upi.

"Hakuna," akasema. "Siku ile mlinifanyia maonyesho, na siku hii nimewaibia. Nitakaa nanyi mpaka mnichoke."

Akakaa. Alikaa juu ya gunia lile la pembeni siku baada ya siku, mpaka watu wakaanza kumwegeshea majembe.

Kuuliza nako kulimshinda mwanzoni. Nilikuwepo alipokuhoji.

"Kazi hii ni nzuri, sivyo?"

"Nzuri sana, bwana."

"Lakini ni nzito mno, sivyo?"

"Nzito mno, bwana."

"Unampenda mnyapara?"

"Kama baba yangu mzazi."

Akaandika yote, maskini, asijue kwamba wewe na baba yako mzazi mlikuwa mwaka wa tatu hamsemeshani. Nilipomweleza baadaye alifuta ukurasa mzima. Akasema kosa ni lake, maana maswali yake yalikuwa yamebeba majibu mgongoni, na wewe uliyatua tu. Tangu hapo alianza kuuliza kwa namna nyingine: "Niambie habari ya asubuhi yako." Akanyamaza. Na watu wakaanza kusema.

Walichosema ni njaa. Unajua tulivyokuwa. Tunatoka Keko na Temeke gizani, saa kumi na mbili tuko kazini na matumbo matupu, na chakula cha kwanza ni muhogo wa adhuhuri. Ikifika saa nne magoti yangu yalikuwa yanazungumza yenyewe. Hata wewe, pamoja na mdomo wako, saa nne ulikuwa kimya. Bwana Kwa Nini aliliona hilo, akaenda kwa Meneja, akasema anakisia kwamba watu wakipata uji alfajiri watabeba magunia zaidi.

Meneja akasema, "Au watakunywa uji na kubeba yale yale."

"Huenda. Basi tupime."

Wakapatana. Ikionekana uji unaongeza kazi, kila kibarua atapata bakuli moja kila asubuhi. Isipoonekana, neno uji lisitajwe tena katika ua huu. Siku hiyo hakuna aliyefanya utani. Tulikuwa watu arobaini, na kila mmoja alijua kinachotafutwa ni tumbo lake.

Sasa ukaja mpango. Nusu yetu wapate uji, nusu wasipate, siku kumi na nne, halafu magunia ya kila upande yahesabiwe. Mnyapara akashauri wapewe wenye nguvu, na wa kwanza awe mpwa wake. Bwana Kwa Nini akakataa. "Wenye nguvu wakibeba zaidi, nitajuaje kama ni uji au ni nguvu zao? Bahati ndiyo ichague. Bahati haina mpwa." Akakata karatasi arobaini, ishirini akazitia alama ya msalaba, akazichanganya katika kofia yake. Wewe ukachota msalaba. Mimi nikachota karatasi tupu.

Ukainyanyua juu. "Jamani, tazameni dunia! Mie Muislamu nimepewa msalaba, huyu wa misheni katoka mtupu! Padri wako atasemaje?"

Asubuhi ya kwanza siwezi kuisahau hata nikiwa mzee. Nyie ishirini mmekaa bandani na mabakuli, sisi ishirini tuko nje ya seng'enge, na upepo unatoka kwenu unakuja kwetu. Uji wa mtama, umetiwa tangawizi. Hakuna mtu wa bandani aliyenyanyua bakuli. Mlitutazama, tukawatazama. Mpishi akadhani mnauogopa uji wenyewe, akanywa bakuli moja kuwaonyesha kwamba hauna dawa. Bado mmekaa. Ndipo uliposema, "Hivi nyie, mtu anakunywaje na mwenzake anamtazama? Huu si uji, huu ni uchawi."

Ukaokota kifuu cha nazi, ukakisuza, ukamimina nusu ya bakuli lako, ukanipitishia katikati ya seng'enge. "Kunywa, punda wa Tabora. Ukianguka na gunia utaniangukia mie, nizikwe kaburi moja na Mnyamwezi, nikeshe nasikia habari za Tabora mpaka kiyama."

Siku ya tatu kulikuwa na vifuu ishirini kwenye seng'enge, vimepangwa kama kwenye harusi. Na Kondo, nakumbuka tulivyojisifu! Tulidhani tunamsaidia Bwana Kwa Nini. Yeye alikuwa jikoni nyuma ya banda kila alfajiri, asikoiona seng'enge, akipima unga na mpishi ili kila bakuli liwe sawa na jingine, na sisi tulijiona werevu, kwamba uji wake wa watu ishirini tumeufikisha kwa arobaini, bila yeye kuongeza hata kibaba. Hakuna aliyetukataza kugawana. Hakukataza kwa sababu haikumwingia kichwani kwamba mtu mwenye njaa atatoa nusu. Nasi hatukusema kwa sababu haikutuingia kichwani kwamba asingetoa.

Siku kumi na nne zikaisha. Wenye uji na wasio na uji wakaachana kwa gunia moja. Meneja akacheka. "Umeona? Maji ya moto tu." Akasema mabakuli yaoshwe yarudishwe dukani kesho.

Sasa nimefika mahali ambapo kalamu imekuwa nzito kuliko gunia.

Jioni ile mlipoondoka mimi nilibaki kumsaidia Bwana Kwa Nini kufunga madaftari. Alikuwa amenyong'onyea kama mtu aliyefiwa. Nikamwambia, "Bwana, hakuna aliyekosa uji." Akauliza kwa nini nasema hivyo. Nikamweleza habari ya vifuu. Sikutaja jina lako. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akashika kichwa. "Nilikuja kujifunza watu," akasema, "nikasahau kuwauliza kwanza wanakulaje." Hakuwa na hasira, nakuapia. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na Meneja alikuwa barazani.

Asubuhi tukapangwa mstari. Meneja akauliza nani aliyeanza kuharibu kipimo. Watu arobaini tukatazama vidole vya miguu yetu. Mimi ndiye nilipaswa kunyanyua mkono kwanza, maana mimi ndiye niliyenywa kifuu cha kwanza, na mimi ndiye niliyesema. Mkono wangu ulikuwa mzito. Wewe ukatoka mbele.

"Mie, bwana. Lakini bwana usinilaumu. Mnyamwezi alikuwa ananitazama, na jicho la Mnyamwezi likiingia katika uji, tumbo la mtu huota mizizi."

Watu wakacheka. Meneja hakucheka. Akadai kipande chako, na kabla ya saa mbili ulikuwa langoni na shuka lako begani. Nikakufuata. Ukaniuliza, "Mnyamwezi, nani kamwambia yule?"

Nikasema, "Labda kaona mwenyewe."

Ukanitazama. Ukasema, "Haya." Ukaenda. Hukuniita punda.

Ni mimi, Kondo. Mimi ndiye niliyemwambia. Na nisikudanganye kwamba nilisema kwa kuupenda ukweli au kwa kuwahurumia wenzetu. Nilisema kwa sababu siku kumi na nne nilikuwa nimekunywa nusu ya chakula chako, na kila asubuhi nilipaswa kusema ahsante kwa Mzaramo. Magoti yangu yalitaka uji, lakini kichwa changu kilitaka bakuli langu mwenyewe. Wewe ulitoa bila kufikiri, na mimi nilipokea nikifikiri. Hilo silioni katika daftari lolote la Bwana Kwa Nini, na sikumwambia.

Ulipoondoka alianza upya. Safari hii alitafuta ghala la pili kule Kurasini, mbali na letu, mtu asiweze kupitisha kifuu. Wiki mbili wao wakapewa uji sisi tukakosa, halafu tukabadilishana, ili isije ikawa wao ni wenye nguvu kuliko sisi. Wiki zile mbili za kukosa, nakuambia, nilikuwa naitazama seng'enge kama mjinga. Magunia yakaongezeka kila uji ulipokwenda. Hata hivyo Bwana Kwa Nini hakushangilia. Alitazama kama mvua ilinyesha, kama magunia yalikuwa na uzito mmoja, kama mnyapara alipiga kelele zaidi upande mmoja. Alitafuta kosa lake mwenyewe kama mwanamke atafutavyo mawe kwenye mchele. Alipolikosa ndipo akaenda kwa Meneja. Sasa tunakunywa, Kondo, arobaini wote, kila asubuhi. Au niseme thelathini na tisa.

Kabla hajaondoka alizungumza na Meneja mlango ukiwa umefungwa, na safari hii ni sisi tuliokuwa barazani. Alisema watu wale hakuna aliyewauliza kama wanataka kupimwa, na kwamba mtu hawezi kufukuzwa kazi kwa kuwa na adabu asiyoijua mpimaji. Meneja akanung'unika, lakini akakubali. Nafasi yako ipo mpaka mwisho wa mwezi huu. Nilitumwa mimi nikuletee habari, na hiyo ni wiki ya sita imepita. Kila nikiamka kuja kwenu Kimbiji najua kwamba siwezi kusema "rudi" bila kusema kwanza kwa nini uliondoka.

Ndipo zikaja salamu zako za heshima. Nimejaribu kuzipima kwa njia niliyofundishwa. Nakisia mambo matatu. La kwanza, umejua ni mimi, na umekasirika. La pili, watu wa Kimbiji wamekufundisha adabu, jambo ambalo siliamini. La tatu, uliniletea tusi zuri, lakini Bi Tatu ni mtu mzima, mwenye swala tano, akalibeba mpaka kivukoni Kigamboni akaona haya, akalitupa majini. Hilo la tatu nimelijaribu. Nilimpa tusi moja dogo akuletee, la babu yako na usingizi. Akanitazama juu mpaka chini. "Mwanangu, mie nabeba nazi. Hayo maneno mpelekee mwenyewe."

Kwa hiyo sijui kitu. Aliyebeba salamu anazichuja, na wewe hujui kuandika, kwa hiyo hata jibu la barua hii litapita kwenye kalamu ya mtu mwingine, naye atalinyoosha. Nimemwomba Bi Tatu aibebe ikiwa imefungwa kwa gundi. Mwalimu wa chuo cha Kurani atakayekusomea, namsihi asiruke neno.

Jumamosi kazi ikiisha mapema nitavuka Kigamboni, nishike njia ya mchanga mpaka kwa mama yako. Nilitaka nisikuonye, nitokee ghafla, nione utanipokeaje. Ukinitandikia mkeka mpya, ukaniuliza habari za safari, ukaniita ndugu, nitajua kwamba umekasirika kweli na una haki, nitamsalimu mama yako nigeuze. Ukinitukana, nitajua vingine. Na sasa nimekwisha kukuambia yote, nimeharibu kipimo, maana anayepimwa hatakiwi kujua anapimwa nini. Bwana Kwa Nini angeshika kichwa. Aendelee kukishika. Mimi sina daftari, sipimi mtu. Miezi hii hakuna anayenitukana hapa ghalani, na watu wananiita Bwana Maganga kwa sababu naandika hesabu ya magunia, na nakonda, uji juu ya uji.

Nakusihi kwa babu zetu wote wawili, aliyebeba na aliyelala: nikifika, usinikaribishe vizuri.

Mimi mtani wako,
Mnyamwezi wa ghala la mbata, Mtoni